Nusu ya Kichwa cha Seremala

Haya yalitukia mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, majira ya kipupwe, katika muhula wa pili wa shule. Mjukuu wangu alikuwa kidato cha tatu. Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipoanza kusema hajanyamaza. Hata akila husema, na nimemkanya mara nyingi kwamba mdomo una kazi moja kwa wakati mmoja. Lakini Chiriku huyo huyo, akiingia katika kipindi cha Kiingereza, alikuwa bubu kama jiwe la kusagia. Alikuwa ameanguka mihula miwili mfululizo. Mwalimu mkuu alituita, mimi na mume wangu, akatueleza bila kuzungusha maneno kwamba mtoto akianguka na muhula huo atarudia darasa: wenzake watavuka, yeye atabaki.

Chiriku hakulia mbele yetu. Alikwenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wake wa Kiingereza, binti mrefu mwenye sauti ndogo, alitoa zoezi ambalo sijapata kulisikia tangu nizaliwe. Kila mwanafunzi alipewa maneno yake ya msamiati, akatakiwa atafute nyumbani mtu asiyejua Kiingereza, amfundishe maneno hayo muhula mzima. Mwisho wa muhula mtu huyo angekwenda shuleni, asimame mbele ya darasa, achote vikadi kutoka ndani ya kopo, na kila neno alieleze kwa Kiingereza pamoja na mfano kutoka katika maisha yake mwenyewe. Alama atakazopata yeye ndizo atakazoandikiwa mwanafunzi.

"Yaani mtihani wako ataufanya mtu mwingine?" nilimwuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na akishindwa?"

"Nimeshindwa mimi."

Nilivua miwani. Nilifanya kazi ya usahihishaji miaka mingi katika kiwanda cha uchapaji, na Kiingereza nilifundishwa na mwalimu aliyetusimamisha wima, mikono nyuma, tukakariri mpaka maneno yakaingia kwenye mifupa. "Lete hayo maneno," nikasema. "Alama zote utazipata."

"Wewe huruhusiwi, bibi. Wewe unakijua tayari."

Nilifurahi na kuudhika kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi katika umri wangu.

"Basi nani?"

Chiriku aligeuza macho kuelekea chumba cha mbele, ambako mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma. Mume wangu ni kinyozi. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake: kioo kimoja kikubwa, kiti kimoja cha mbao chenye mgongo mrefu, na benchi la wanaongoja, ambao wengi wao hawangoji kunyolewa bali wanangoja habari.

"Mimi?" mume wangu akasema alipoelezwa. "Kichwa changu kimejaa nywele za watu, hicho Kiingereza kitaingilia wapi? Mke wangu, shule mimi niliiaga kabla haijanikaribisha."

Mke wangu aliyemwita hivyo ni Chiriku. Mimi hapo nilikuwa nimeshushwa cheo na kuwa mke mwenza.

"Babu, tafadhali. Ukikataa narudia darasa."

Alizima mashine. Alimtazama mtoto kwa kupitia kwenye kioo, kama anavyowatazama wateja, kisha akasema, "Haya. Lakini mimi nina masharti. Sikariri."

Sikuyaheshimu masharti hayo. Jioni ya kwanza nilimketisha kwenye kigoda, nikasoma neno, nikasoma maana, nikamwambia, "Rudia." Alirudia mara mbili, akainuka kwenda kunoa nyembe. Jioni ya pili nyembe zilikuwa kali kiasi cha kukata upepo, naye akaenda kuzinoa tena. "Bi Nukta," akaniambia huko alikokuwa, na hilo ndilo jina nililopewa na wateja wake, nami sijalikataa kwa kuwa nukta ni kitu cha heshima, "Bi Nukta, usinisahihishe kabla sijakosea."

Chiriku ndiye aliyegundua njia. Alasiri moja alirudi kutoka shuleni, akatupa mkoba chini na kukaa kwenye benchi la wateja. Aliingia karani wa posta, ambaye huja kunyolewa siku ileile na saa ileile, na akifika hutazama saa yake kama kwamba dunia ndiyo iliyochelewa.

"Babu," Chiriku akanong'ona, "huyu hawahi wala hachelewi. Huyu ndiye 'punctual'."

"Panchuo," mume wangu akasema, akiinamisha kichwa cha karani.

"Punctual."

"Nimesema hivyo hivyo. Inama kidogo, panchuo."

Tangu siku hiyo neno likawa na shingo na masikio, na mume wangu hakulisahau tena. Mpiga picha, ambaye akimaliza kunyolewa hataki kuachana na kioo, akawa "vain". Dereva wa lori, mtu mnene anayeketi, akainuka, akasema ngoja kwanza nifikirie, akaketi tena, akawa "reluctant", neno refu ambalo mume wangu alilikata vipande vitatu na kulitamka kama anayeshuka ngazi. Wateja wakalipenda jambo hilo. Kila mtu alitaka neno lake. Wakawa wanamwuliza Chiriku, naye akilazimika kueleza, tena kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyoagiza, ndipo afasiri. Mimi nilikuwa nikisikiliza kutoka ukumbini huku nikichambua mchele. Siku moja nikagundua kwamba yule bubu alikuwa amesema sentensi nzima, yenye kiima na kiarifu, na hakuna aliyemlazimisha.

Lakini nilipinga utaratibu wenyewe, na nilisema waziwazi.

"Hayo ni maneno ya sifa," niliwaambia. "Sifa huitegemea nomino. Haiketi kwenye kiti cha nomino."

"Bi Nukta," mume wangu akajibu, "kiti ni changu."

Benchi zima likaangua kicheko, nami nikarudi kwenye mchele wangu.

Sasa nimtaje seremala. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, nasi tulijuana naye tangu ujana. Mimi aliniita shemeji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maranda katika nyusi na kofia ya kitambaa ambayo rangi yake ilikwisha kusahauliwa. Alikuwa na mambo yake. Hulipa kabla ya kuketi, ili asidaiwe. Husema, "Kata mpaka mfupa, nisirudi mapema." Na akitembea barabarani hutazama chini, akiona msumari uliopinda huuokota, akafika nao karakanani na kuunyoosha kwa nyundo, akauweka kwenye kopo.

"Huyu akifa," dereva alipata kusema, "tutamzika, halafu atasimama kudai misumari ya jeneza."

Siku moja Chiriku alipofungua orodha na kusoma "stingy", babu yake hakungoja amalize kueleza. "Huyu nampa mwenyewe," akasema, akanyoosha kitana kuelekea ng'ambo ya barabara. Seremala alipoingia akapokewa kwa shangwe: "Karibu, Stingi!" Watu walicheka, na yeye, asiyejua maana ya neno hilo, akacheka nao. Alidhani ni cheo. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja aliyeulizia meza, "Umefika, ndiye mimi, Stingi mwenyewe." Binti yake alisoma darasa moja na Chiriku, lakini yeye alikuwa na maneno mengine ya kumfundisha baba yake, na hili halikuwamo.

Katikati ya muhula kiti kilivunjika. Dereva aliketi kwa uzito wake wote, mguu wa nyuma ukapasuka, naye akajikuta anatazama dari. Kinyozi bila kiti ni kama mpishi bila chungu. Mume wangu alisimama na mkasi mkononi, hajui aanzie wapi. Seremala, aliyekuwa akingoja zamu yake, alitoka bila kusema neno. Alirudi na kipande cha mbao ngumu, gundi, na lile kopo la misumari. Alipiga magoti pale chini alasiri yote, akachonga mguu mpya, akaugongomea kwa misumari aliyoiokota na kuinyoosha mmoja mmoja. Alipomaliza alikaa juu ya kiti, akajitikisa. Kiti hakikulia.

"Nikupe nini?" mume wangu akauliza.

"Ninyoe siku nyingine. Leo nimechoka."

"Ama kweli," dereva akapaza sauti, "Stingi leo kamwaga!"

Na mume wangu akacheka pamoja nao. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimtazama kwa jicho la pembeni, naye akaliona jicho hilo, akashika ufagio.

Siku chache baadaye seremala alikuja kunyolewa. Alilipa kwanza, kama desturi yake, akaketi. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umekwisha kukatwa mpaka mfupa, na wa kulia ungali na kichaka chake chenye mvi, nilipoingia na sinia ya chai.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu wa vitabu. Hili jina langu, watu wakilisikia hucheka, na siku hizi hata watoto wa shule wanaopita. 'Stingi' hasa maana yake nini?"

Mashine ilizimwa. Mume wangu alinitolea macho. Chiriku, kwenye benchi, alitikisa kichwa kwa kasi.

Ningeweza kudanganya. Lakini sijapata kumpa mtu maana ya uongo, na sikuona sababu ya kuanzia kwa rafiki.

"Si jina, ni sifa," nikamwambia. "Husemwa juu ya mtu mchoyo, mwenye mkono wa birika, asiyetoa kitu ila kwa kunyang'anywa."

Seremala alijitazama kwenye kioo, kwanza upande uliokatwa, kisha upande ambao haujakatwa.

"Ndiye mimi?" akauliza.

Alifungua kitambaa shingoni mwake, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti alichokitengeneza. Akachukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa.

"Asante, shemeji, kwa kunijibu," akasema, akavuka barabara.

Mume wangu alinigeukia. "Umefanya nini?"

"Nimefasiri," nikasema.

Kesho yake alikwenda karakanani, nami nilimsindikiza hadi mlangoni, kwa maana nilijua miguu yake isingefika peke yake. Seremala alikuwa akipiga randa, wala hakuinua uso.

"Ndugu yangu," mume wangu akaanza, "mdomo uliniponza. Nisamehe."

Randa iliendelea.

"Njoo basi nikumalizie hiyo nusu."

Hapo randa ikasimama. "Jina uliniwekea mbele za watu. Huwezi kuja kuliondoa hapa kwenye maranda, tukiwa wawili. Na hiyo nusu nilikwisha kuilipia. Ni deni. Nikitaka kulidai, nitalidai."

Basi ikawa hivyo. Wiki baada ya wiki tulimwona akipita na kofia yake, jua liwake lisiwake. Vinyozi wengine walikuwapo mtaani, na yeyote angemsawazisha kwa dakika chache, lakini hakwenda kwao. Hilo lilinipa matumaini, ijapokuwa sikulisema. Mtu anayetaka kuvunja urafiki hatembei na nusu yake chini ya kofia.

Dukani, hata hivyo, palikuwa kimya. Karani aliingia kwa saa yake, akanyolewa, akatoka, asiitwe panchuo wala chochote. Mume wangu aliyaacha maneno yote, kama mtu aliyelishwa chakula kikamdhuru. Chiriku alikaa kwenye benchi na orodha mapajani.

"Babu, mtihani ni wiki ijayo."

"Mwambie mwalimu babu yako anaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Ulimi."

Chiriku aliinuka, akaenda jikoni. Nilisikia vyombo safi vinaoshwa.

Hapo niliingia dukani na kufunga mlango. "Mdomo wako ulikuponza wewe," nilimwambia mume wangu. "Sasa unataka kimya chako kimponze mtoto? Yeye alikuchagua. Hakuwa na mwingine." Sikupandisha sauti, mimi sipandishi sauti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo asilolifanya kamwe, akajitazama kwenye kioo. Kisha akaita, "Mke wangu! Hebu njoo. Yule mtu wa posta tulimwitaje?"

Siku ya mtihani darasa lilijaa. Wanafunzi walikaa wawili wawili, na kando ya ukuta, juu ya viti vilivyokopwa kutoka maabara, walikaa wanafunzi wa nyumbani: akina mama waliovaa vizuri, wajomba wanaofuta jasho, bibi mmoja aliyekuwa akisema maneno yake chini kwa chini kama sala. Katika pembe ya mbali alikaa seremala, kofia kichwani. Yeye alikuwa amekwisha kuulizwa, akajibu kwa utulivu, na binti yake alikuwa bado anatabasamu. Mimi niliruhusiwa kuketi nyuma kwa sharti la kutofungua mdomo.

Mume wangu aliitwa. Alikuwa amevaa shati alilolivaa siku ya ndoa ya mwanetu. Alichota kikadi cha kwanza: "punctual". Alieleza habari za karani na saa yake mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Alishuka ngazi za "reluctant" bila kuteleza. Lakini zile wiki za kimya zilikuwa zimemla. Maneno mawili yalimkimbia kabisa, na la tatu alilishika mkia tu. Nilimwona Chiriku akikunja vidole chini ya dawati. Alipogeuka kunitazama nilijua kwamba hapakuwa tena na neno la kuchezea.

Kikadi cha mwisho alikisoma kimoyomoyo, asikitamke. Mwalimu alikichukua, akakisoma yeye: "Stingy."

Darasa zima lilipitia mbele ya duka letu kila siku. Kicheko kidogo kilianzia mbele na kutembea hadi nyuma, na vichwa vikageukia pembe ya mbali. Binti wa seremala aliinamisha uso juu ya dawati.

"Mzee," mwalimu akasema kwa upole, "kanuni inakuruhusu kulipita neno. Ila halitakuwa na alama."

Chiriku alikwisha kusimama. "Babu, lipite," akasema. "Lipite tu. Si kitu."

Ilikuwa ni mwaka wake mzima, naye akasema si kitu.

Mume wangu alimwashiria aketi. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, kama anavyoshika mgongo wa kile cha kwetu, akaanza kusema kwa Kiingereza. Nitaeleza alivyosema, na nitamsahihisha kidogo, kwa sababu alichanganya wakati uliopo na uliopita, akauacha wingi ujitafutie njia, na neno la alasiri hakulijua, akaonyesha jua kupitia dirishani.

"Stingy ni mtu anayekunyima kitu alicho nacho," akasema. "Mfano ni mimi. Kiti changu kilivunjika. Mtu mmoja akanipa mbao, akanipa misumari, akanipa jua lake lile, lote. Misumari huitunza ili awe nayo ya kutoa. Mimi nilikuwa na neno zuri la kumpa, 'generous', yaani mkarimu, mjukuu wangu alinifundisha, liko kwenye orodha hiyo hiyo. Nikamnyima. Nikampa neno baya, watu wacheke. Neno zuri halikunigharimu chochote, nikalibana hivi." Akakunja ngumi, akaionyesha darasa. "Mkono huu ndio stingy. Yeye siye. Ni mimi."

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Siku ile nilimwona akijinyoa mbele ya watu, bila kioo.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliandika alama, na Chiriku aliyekuwa karibu naye akaziona, akafunika uso kwa orodha yake. Zilitosha. Hazikuzidi, lakini zilitosha, na mimi ni mtu anayeheshimu kutosha. Nilipotazama pembe ya mbali, kofia ilikuwa imesukumwa nyuma kidogo.

Tulipotoka, seremala alikuwa amesimama langoni na binti yake.

"Kinyozi," akaita.

"Naam."

"Kichwa kinaniwasha upande mmoja."

"Upande gani?"

"Ule ninaokudai."

"Nitakuja kesho asubuhi na mapema."

"Kesho ya nini? Leo. Nimevaa kofia hii mpaka nimeota fangasi."

Tulikwenda wote watano kwa miguu, wasichana mbele wakipiga soga, nusu kwa lugha yao na nusu kwa Kiingereza. Sikuweza kuvumilia njia nzima.

"Wakati uliopita," nilimwambia mume wangu, "umeuharibu kila ulipougusa."

"Najua, Bi Nukta. Nilikuwa nao mwingi."

Dukani karani na dereva walikuwa kwenye benchi, kwa kuwa habari zina miguu mirefu kuliko watu. Dereva alifungua mdomo, akamwona Chiriku anamtazama, akaufunga. Seremala aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, maana tusidanganyane, mguu wa nyuma ulikuwa wake. Mkono ulienda mfukoni kwa mazoea. Mume wangu akaushika.

"Ulikwisha kulipa."

Kofia ikavuliwa. Kulia kulikuwa na kichaka kirefu, kushoto nako kulikuwa kumeota majani mafupi mafupi, yenye mvi, yasiyolingana na chochote. Mume wangu alizunguka kichwa kile mara moja, kama fundi anayekadiria kazi.

"Nilikuwa nadaiwa nusu," akasema, "sasa ni kichwa kizima."

"Deni ukiliacha huzaa," seremala akajibu. "Usilie. Kata."

"Mpaka mfupa?"

"Mpaka mfupa. Nisirudi mapema."

Mume wangu alikikung'uta kitambaa, akamfunga shingoni, akawasha mashine. Alianzia upande wa kulia, akapita kisogoni, akarudi kushoto. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto, mahali alipokuwa ameachia siku ile, alizima mashine, akamalizia kwa wembe, taratibu, nywele kwa nywele, mpaka kukawa hakuna kilichobaki cha kulipa.